Urafiki Unaopimwa: Barua ya Kirafiki katika Mtihani wa Kiingereza na Mwandishi wa Kiswahili

Miongoni mwa kazi anazopewa mtahiniwa wa lugha ya Kiingereza, iko moja ambayo wanafunzi wetu huikimbilia kwa kuiona nyepesi kuliko zote, nayo ni barua ya kirafiki. Insha huwatia hofu. Ripoti hawaizoei. Tahakiki ya filamu wanaiona kuwa shughuli ya watu wenye nafasi ya kwenda sinema. Ama barua, nani asiyejua kumwandikia rafiki yake? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba wepesi huo ni wa uongo. Kwamba barua hiyo ina sheria kali ambazo hazikuandikwa popote kwenye karatasi ya maswali. Na kwamba mwanafunzi aliyelelewa katika Kiswahili hujikwaa hapo si kwa upungufu wa sarufi, bali kwa wingi wa adabu.

Tuutazame kwanza mtihani wenyewe, maana wengi huuzungumzia bila kuufungua. Mtihani wa Cambridge wa daraja la B2, ambao wakubwa wetu waliujua kwa jina la First Certificate, ulianzishwa mwaka 1939 kwa jina jingine, ukapewa jina hilo mwaka 1975. Karatasi yake ya kuandika huchukua dakika 80. Sehemu ya kwanza ni insha ya lazima tangu mwaka 2015. Kabla ya hapo, mahali hapo palikuwa pa barua. Katika sehemu ya pili mtahiniwa huchagua kazi moja kati ya tatu, na barua au barua pepe ni mojawapo ya tanzu zinazoweza kutolewa humo. Anatakiwa kuandika maneno kati ya 140 na 190. Katika daraja la chini yake, yaani B1, hakuna hiari: tangu mwaka 2020 kila mtahiniwa hupewa barua pepe aijibu kwa maneno 100 hivi. Wanaofanya IELTS ya aina ya General Training, ambao wengi wao wanatafuta njia ya kuhamia nchi kama Kanada au Australia, huandika barua isiyopungua maneno 150, na hushauriwa wasiipe zaidi ya dakika 20.

Kazi ya B2 hupimwa kwa vigezo vinne, na kila kigezo hubeba alama kutoka 0 hadi 5: maudhui, mafanikio ya mawasiliano, mpangilio na lugha. Msomaji azingatie hesabu hiyo. Lugha kwa maana tuliyoizoea madarasani, yaani msamiati na sarufi, ni kigezo kimoja tu kati ya vinne. Wanafunzi wetu, ambao Mtihani wa Serikali uliwauliza Kiingereza kwa maswali ya kuchagua jibu, huingia humo wakiamini kwamba asiyekosea kitenzi amekwisha kufaulu.

Sasa tuje kwenye tukio lililotufanya tushike kalamu. Mwandishi wa mistari hii huwaandaa wanafunzi wachache, jioni, kwa ajili ya mitihani ya namna hiyo. Tuliwapa zoezi tulilolitunga wenyewe kwa kufuata umbo la maswali ya kawaida: rafiki aitwaye Sam, anayekaa Uingereza, ameandika kwamba anataka kuja kuutembelea mji wako, anauliza ni majira gani yanayofaa, alale wapi, na alete nguo za namna gani. Mwanafunzi mmoja, kijana mwenye bidii na mwenye Kiingereza safi kuliko wenzake, alileta barua ya maneno 170 hivi. Katika maneno hayo, karibu 70 yalikuwa salamu. Alimuuliza Sam hali yake, kisha hali ya baba na mama yake, kisha ya ndugu zake wadogo. Akamweleza kwamba yeye na jamaa zake wote wa huku ni wazima kwa neema ya Mungu, isipokuwa bibi aliyekuwa na homa ambaye sasa amepata nafuu. Akamwomba radhi kwa kukaa kimya siku nyingi. Ndipo akatangaza kusudi la barua. Majira aliyaeleza vizuri, malazi kwa sentensi moja. Nguo hazikupata nafasi, kwa sababu ilimbidi afunge kwa kuwasalimu wote wa nyumba ya Sam, wakubwa kwa wadogo.

Tulimsahihisha kwa kalamu nyekundu. Pembeni mwa salamu tuliandika kwamba hayo hayakuulizwa. Kwenye maudhui tulimkata alama, maana swali moja kati ya matatu halikujibiwa. Kwenye mafanikio ya mawasiliano tulimkata tena, maana msomaji angefika katikati ya barua bila kujua kama ujumbe wake ulimfikia mwenzake. Kwenye lugha tulimpa 5. Kwa kufuata vigezo, hatukukosea. Lakini usiku ule tuliisoma tena barua ileile kwa jicho la Kiswahili, na haya tukayaona: ingekuwa imeandikwa kwa Kiswahili, tungeisifu kuwa ni barua ya kijana aliyelelewa vema, na ile ya mwenzake aliyepata alama nyingi zaidi, iliyoruka moja kwa moja kwenye mvua na hoteli, tungeiita barua ya mtu anayedai deni.

Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa neno rahisi la « desturi » tu. Inafaa kuuliza salamu zile zinafanya kazi gani. Barua za kwanza za Kiswahili zinazojulikana kuwapo hadi leo, zilizoandikwa Kilwa kwa hati za Kiarabu mwaka 1711 na miaka iliyofuata, na kuhifadhiwa katika nyaraka za Goa, ni barua za siasa na biashara, na bado hazianzi na biashara. Mkusanyo alioutoa Mjerumani Büttner mwaka 1892 unaonyesha mapokeo hayohayo: salamu hutangulia, haja hufuata. Shule za Tanzania na Kenya zimeyafanya mapokeo hayo kuwa kanuni ya darasani, pamoja na anwani kwenye pembe ya kulia na lile neno « dhumuni » ambalo, kwa kweli, hatujamsikia mtu yeyote wa Lubumbashi akilitumia na rafiki yake. Kwetu Katanga, ambako Kiswahili kilienea kwa njia nyingine, ya kazi na migodi, mapokeo haya hatukuyapokea kutoka kitabuni. Tuliyapokea nyumbani.

Turuhusiwe kutoa ushahidi wa nyumbani. Baba yetu alipokuwa akimwandikia yaya yake wa Kalemie, barua ilipelekwa na msafiri wa treni, na ilipofika haikusomwa na yaya peke yake. Ilisomwa kwa sauti mbele ya watu wote wa nyumba, na mara nyingi msomaji alikuwa mtoto wa shule, kwa kuwa macho ya mzee yalikuwa yamechoka. Kila jina lililotajwa katika salamu lilikuwa jina la mtu aliyekaa pale akisikiliza. Kumsahau mmoja kulikuwa kumtoa katika mkutano. Kwa hiyo ile orodha ya majina, inayoonekana kwa mtahini kama maneno ya kujaza karatasi, ndiyo iliyoamua barua inaandikwa kwa nani. Mwandikiwa wa barua yetu ni wingi. Mwandikiwa wa barua ya mtihani ni mmoja, anasoma kimya, na hana mama. Sam huyo ameumbwa bila ukoo; hapewi ila jina fupi, safari na maswali matatu.

Jambo la pili ni la kiisimu zaidi, nalo lilitudhihirikia tulipowatazama wanafunzi wakiandikiana kwenye simu. Katika mazungumzo yetu salamu si sentensi, ni mabadilishano. « Jambo yaya », halafu mtu hungoja. « Jambo sana ». « Habari ya nyumba? » Hungoja tena. Haja haitolewi mpaka zamu hizo ziishe, na kwenye simu vijana huzitenga hivyohivyo, ujumbe mmojammoja. Barua haina mahali pa kungoja. Ndiyo maana mwandishi wa barua ya Kiswahili huziandika zamu zote mbili, yake na ya mwenzake: sisi huku hatujambo, twataraji nanyi huko ni hivyohivyo. Mwanafunzi wetu hakuwa akirefusha mambo. Alikuwa akiendesha mazungumzo kamili na mtu asiyekuwapo, akiweka kwenye karatasi kila kipande ambacho adabu ingemdai. Kiingereza nacho kina salamu, wala tusikizulie ukavu. Lakini kwa barua ya namna hii husalimu kwa sentensi moja, kikashukuru kwa barua iliyopokelewa, kikaingia kwenye maneno. Sentensi hiyo moja inatosha kwao kwa sababu si zamu ya mazungumzo. Ni mlango tu.

Liko la tatu, na hapa ndipo vitabu vya maandalizi vinapostahili lawama. Kwa kawaida vitabu hivyo humfundisha mtahiniwa kwamba urafiki katika Kiingereza huonyeshwa kwa kulegeza lugha: atumie mikato, yaani « I'm » badala ya « I am », achague kitenzi cha vipande viwili badala ya kile kizito chenye asili ya Kilatini, aweke alama ya mshangao hapa na pale, afunge kwa « Best wishes » wala asifunge kwa « Yours faithfully ». Yote hayo ni kweli. Lakini hawaambiwi kwa nini iwe hivyo. Brown na Gilman, katika makala yao mashuhuri ya mwaka 1960 kuhusu viwakilishi vya mamlaka na vya mshikamano, walieleza jinsi lugha nyingi za Ulaya zinavyogawa nafsi ya pili sehemu mbili. Mfaransa akisema « tu » amekwisha kumaliza kazi. Anaweza kuandika sentensi ndefu iliyopangika na bado ikawa ya karibu, kwani kiwakilishi chenyewe kimebeba ukaribu. Kiingereza kilipoacha kutumia « thou » katika usemi wa kawaida, kiliupoteza mzigaji huyo. Mzigo ukahamia kwenye mikato, kwenye vitenzi vyepesi, kwenye sentensi zilizokatwa vichwa. Kiswahili kwa upande wake huubebesha mzigo huo majina ya ukoo: yaya, ndugu, mama, baba, shemeji. Ukaribu wetu hauonyeshwi kwa kulegeza lugha, bali kwa kumweka mtu mahali pake.

Basi mwanafunzi wa Lubumbashi anapoingia katika Kiingereza, « tu » ya shuleni haimo na « yaya » ya nyumbani haimo. Anatafuta pa kuuweka urafiki. Wengine huandika « my dear brother » kwa Sam, wakidhani wamemheshimu. Wengine, waliokariri kitabu, hutia mikato yote waliyofundishwa, na mishangao minne katika aya moja, mpaka barua inafanana na mtu mwoga anayecheka bila sababu. Tumezisoma barua za namna hiyo nyingi. Zinafaulu, mara nyingine kwa alama nzuri. Hakuna hata moja ambayo tungetaka kuipokea.

Msomaji mwenye kuujua uwanja huu ataona kwamba tunarudi kwenye swali la Dell Hymes kuhusu umilisi wa mawasiliano, na kwamba wenye mtihani watasema: hilo ndilo tunalolipima. Wana haki. Anayetaka kusoma au kufanya kazi miongoni mwa Waingereza au Wakanada atawaandikia watu wa huko, na itampasa kuijua njia yao ya kuwa karibu na mtu, kama vile mgeni anayekuja kwetu inavyompasa kujifunza kutotanguliza haja. Hatuombi salamu za Kiswahili zipewe alama katika mtihani wa Kiingereza. Hilo lingekuwa kichekesho. Wala hatusemi kwamba barua yetu ya shule ni ya kweli na yao ni ya bandia. Barua ya kirafiki ya darasa la Kiswahili nayo ni kiolezo, tena kiolezo kikavu, na mtoto anayeandika kwamba dhumuni la barua hii ni kukujulia hali hana hali ya mtu yeyote kichwani.

Lawama yetu iko mahali pengine. Kosa la mwanafunzi yule lilikuwa la maarifa ya jamii, na sisi walimu tulilisahihisha kana kwamba ni kosa la akili. Kuandika « hayakuulizwa » pembeni mwa salamu ni kumwambia mtu kwamba hakuelewa swali. Alikuwa amelielewa. Alikuwa amelijibu katika sarufi nyingine ya urafiki. Jan Blommaert, katika kitabu chake cha mwaka 2008 kuhusu maandishi ya watu wa kawaida wa Afrika ya Kati, alichunguza maandishi kutoka Kongo, yakiwamo ya mtu wa Katanga aliyemwandikia maisha yake mwajiri wake wa zamani aliyekuwa Ubelgiji, na ya mchoraji Tshibumba. Alionyesha kwamba maandishi yenye thamani kamili yalikozaliwa hupungukiwa thamani yanapohama, ijapokuwa hayakubadilika hata herufi. Yeye alikuwa akizungumzia watu wasio na shule ya kutosha. Tunathubutu kuongeza kwamba jambo hilohilo humpata msomi wa chuo kikuu, mwenye tahajia isiyo na doa, katika maneno 190 anayomwandikia Sam.

Na tusiuache mtihani upite bila swali. Iko dhihaka kidogo katika kuamuru urafiki kwa saa. Martin Joos, aliyegawa mitindo ya Kiingereza katika ngazi tano kuanzia ule ulioganda hadi ule wa wapendanao, angeutambua mtindo wa barua hizi kuwa wa watu wanaojuana. Lakini mazingira yake ni ya mtindo ulioganda kabisa: chumba kimya, msimamizi, saa ukutani, msomaji asiyejulikana mwenye jedwali la alama. Hata barua pepe iliyomo humo, tukiitazama vizuri, ni barua ya zamani iliyovuliwa bahasha. Ina « Dear », ina aya tatu au nne, ina maneno ya kuagana. Vijana tunaowafundisha hawamwandikii rafiki yeyote hivyo, kwa lugha yoyote, humtumia sauti. Mtahiniwa wa mjini London naye pengine ni mgeni wa utanzu huu kama sisi. Tofauti ni kwamba ugeni wake haumgharimu salamu.

Katika muhula uliofuata tulibadili zoezi. Kabla ya kumwandikia Sam, kila mwanafunzi aliandika ujumbe uleule mara mbili: kwa Kiswahili kwa mkubwa wake wa mji mwingine anayetaka kuja Lubumbashi, na kwa Kifaransa kwa mwanafunzi mwenzake. Kisha tuliziweka barua tatu mezani na kuhesabu maneno yaliyotangulia haja. Katika zile za Kiswahili yalikuwa mengi kama tulivyotazamia. Zile za Kifaransa zilitushangaza: nyingi zilianza na ile fomula kwamba mwandishi anatumaini barua itamkuta mwenzake katika afya njema, yaani salamu ya Kiswahili iliyovaa koti la Kifaransa, ingawa waliandikiwa watu wanaoonana kila siku. Wanafunzi walicheka walipoiona kwa macho yao. Hapo ndipo tulipowaambia kwamba Kiingereza cha mtihani kina sentensi moja tu kwa kazi hiyo, na kwamba lazima waamue waitumie kwa nini.

Yule kijana wa kwanza aliandika upya. Alimshukuru Sam kwa barua yake, akasema alifurahi kusikia habari ya safari, akajibu maswali matatu kwa aya tatu: aje baada ya mwezi wa tano, mvua zikiwa zimekwisha, akae kwao, kwa kuwa hoteli ni ghali, alete koti, kwa sababu asubuhi za mwezi wa saba ni baridi kuliko anavyodhani. Maneno 158. Tulimpa alama karibu zote. Alipoichukua karatasi aliitazama kitambo, akauliza:

« Mwalimu, na mama yake Sam, sasa nimwache hivihivi? »

Tulihesabu pamoja. Yalikuwa yamebaki maneno 32. Akaketi, akaongeza mwishoni sentensi ya kumsalimu mama, na nyingine ya kumwambia Sam kwamba mama yake mwenyewe amekwisha kuanza kuuliza huyo mgeni anakula nini. Kwa vigezo vinne vile, sentensi hizo hazikumwongezea alama wala kumpunguzia.